Jibu: Kaka zangu wanataka kukata miti ya ngitili (malisho yaliyofungwa yahifadhiwe kwa kiangazi) ya marehemu baba wachome mkaa

Pole ndugu yangu wa Misungwi. Mkaa unauzwa mara moja, lakini Oktoba nyasi zikiisha, kaka zako hao hao watatafuta malisho ya kukodi. Wapigie hesabu hiyo kwanza, ya miti iache.

Miche usinunue. Visiki vya migunga vinachipua vyenyewe. Bakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine kata yawe kuni. Funga eneo mvua zikianza, fungua kiangazi kwa vipande. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulifufua zaidi ya hekta 300,000 hivyo hivyo, bila maajabu.

Majirani wanaoingiza ng'ombe usiku? Peleka mipaka serikali ya kijiji, faini ziwekwe kwenye sheria ndogo. Sungusungu peke yao mwisho wake ni ugomvi.

Ila mirathi ndiyo hatari yenyewe. Kama haijafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, anza hapo, kisha ombeni hati ya kumiliki ardhi kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, yenye majina ya warithi wote, dada zenu wakiwemo. Wakigoma, muone msaidizi wa kisheria kabla shoka halijaingia.