Jibu: Kangaga linarudi kila nikichoma malisho, Lushoto

Salaam ndugu. Unasema kila ukichoma kangaga (gugu la jamii ya feni) kwenye malisho yako ya mlimani linarudi nene zaidi. Acha moto kabisa: mizizi yake iko chini ya udongo, moto hauifikii, unalisafishia nafasi tu.

Kwanza angalia mkojo wa ng'ombe. Ukiona damu, watoe hapo leo na umwite daktari wa mifugo. Machipukizi ya kangaga yenye ncha iliyojikunja ni sumu, na sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Kisha fyeka mara mbili kwa mwaka, majani yakikaribia kukunjuka yote, kwa miaka mitatu au zaidi. Ukifyeka mapema mno, akiba ya mizizini haipungui. Penye mteremko mkali usilime. Panda nyasi za guatemala (majani ya malisho) kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, uwakatie ng'ombe zizini.