Usinunue Kifaa Kipya Kabla ya Kupunguza: Namna Ninavyotafuta Ubovu wa Kompyuta ya Mezani

Kompyuta nyingi za mezani zinazoletwa kwangu zikiwa zimeshahukumiwa kwamba mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) imekufa huondoka na mazabodi ileile. Mara nyingi hukumu hiyo imetolewa na mtu aliyebonyeza swichi, akaona kimya, kisha akaanza kuorodhesha vifaa vya kununua. Ushauri wangu kwa anayeanza ufundi huu, na hata kwa mwenye mashine anayetaka kujua kama anatendewa haki, ni kwamba asinunue chochote kabla ya kupunguza: atoe kila kisicholazimika, abakize vile vichache ambavyo bila hivyo mashine haiwezi kuwaka, halafu arudishe kimoja kimoja huku akiangalia ni kipi kinachokuja na tatizo.

Kabla ya kushika bisibisi, muulize mwenye mashine. Je, ilizimika umeme ulipokatika na kurudi, au ilihamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine, au kuna kifaa kilichoongezwa karibuni? Mashine iliyokufa umeme uliporudi kwa nguvu inanipeleka moja kwa moja kwenye pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine), ilhali iliyoacha kuonyesha picha baada ya kubebwa kwenye bodaboda huwa na kitu kilicholegea tu.

Upande wa umeme ndio ninaotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu ndiko makosa mengi yanakoanzia. Badilisha kwanza waya na soketi ya ukutani, maana ni aibu kufungua kasha zima kumbe tatizo lilikuwa kwenye ekstensheni. Kompyuta za mitumba, hasa za zamani, nyingine huwa na swichi ndogo nyuma ya pawa saplai inayoteleza kati ya 115 na 230, na zilizotumika Marekani huweza kufika huku zikiwa bado kwenye 115. Umeme wa Tanzania ni volti 230, kwa hiyo ukiichomeka hivyohivyo utasikia mlipuko mdogo na kunusa harufu ya kuungua, ingawa mara nyingi kilichoondoka ni pawa saplai peke yake.

Kuipima si kazi ngumu. Ikiwa ni ya aina ya kawaida ya ATX, chomoa plagi zake zote kutoka kwenye mazabodi na vifaa vingine, kisha kwa kipande cha waya unganisha tundu la waya wa kijani na la waya wowote mweusi katika ile plagi kubwa ya pini 24, ndipo uiwashe. Ukipima kwa mita ya volti, waya wa njano usome karibu na volti 12, mwekundu volti 5, na wa rangi ya chungwa volti 3.3. Tofauti inayokubalika ni asilimia 5, yaani wa njano usishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Feni kuzunguka peke yake si ushahidi, kwa kuwa nimeona pawa saplai zinazozungusha feni vizuri lakini zinaporomoka pindi zinapobebeshwa mzigo. Kwa hiyo pima tena ikiwa imeunganishwa na mashine. Baadhi ya kompyuta za Dell na HP zina plagi za muundo wao wenyewe, na hizo usizipime kwa kufuata rangi hizi. Pawa saplai yenyewe usiifungue kama hujafundishwa kuitengeneza, kwani kapasita zake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Mashine ikiwaka bila picha, hakikisha kwanza kwamba waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha kama ipo, si kwenye tundu la mazabodi. (Ukicheka, hujafanya kazi hii muda mrefu.) Kisha chomoa RAM (vipande vya kumbukumbu) zote na uiwashe bila kitu. Ikilia, au taa yake ikianza kumweta kwa mpangilio maalumu, umepata habari njema: prosesa (ubongo wa kompyuta) na mazabodi viko hai, na vinalalamikia kumbukumbu isiyokuwepo. Chukua RAM moja, isugue taratibu meno yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli hadi yang'ae, pangusa makombo kwa brashi kavu, uirudishe huku ukikandamiza ncha zote mbili mpaka kishikizo kilie. Miji ya pwani, yenye hewa ya unyevu na chumvi, hunipa kazi hii mara kwa mara, na wateja hushangaa kuona mashine imepona kwa kifutio cha mwanafunzi.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila unapoiwasha, badilisha betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3. Mashine ikizimika yenyewe baada ya muda, safisha vumbi na upake upya pesti iliyo kati ya prosesa na kipoozeo chake.

Diski ndiyo inayobadilisha utaratibu huu wote. Ukisikia inagonga kwa mapigo yanayojirudia, acha majaribio, na kama bado inasomeka, nakili mafaili ya mteja kabla ya jambo jingine lolote, ukianza na yale ambayo hayapo mahali pengine. Isiposomeka, usiifungue mezani, kwa sababu chembe ya vumbi inatosha kukwaruza sahani zake. Mweleze mwenyewe hali ilivyo ili aamue kama mafaili hayo yanastahili gharama ya kuyatafuta kwa wataalamu. Lakini ikiwa haigongi, bali inaonekana leo na kupotea kesho, badilisha kwanza waya wa SATA (unaounganisha diski na mazabodi) na tundu ulilochomekwa kabla hujamtuma mtu dukani kununua diski mpya.