Cheti cha "saa 500" kwenye magnesiamu: uliza kwanza walipima nini

Mkuu, umeuliza kama cheti cha saa 500 za ukungu wa chumvi kinatosha kupokea makasha yako ya AZ91D (aloi ya magnesiamu) yatakayofungwa kwenye boti huko Tanga. Kwa kifupi, hapana, mpaka ujue ni kipande gani kiliingia kwenye chemba, yaani sanduku la majaribio linalopuliza ukungu huo. Mimi niko maabara ya kiwanda cha kupaka kinga metali nyepesi huku Uingereza. Vyeti vya aina hiyo navisoma na kuviandika, na vinapikika vizuri tu bila mtu yeyote kusema uongo.

Mara nyingi kilichopimwa ni sahani bapa. Haina kona wala tundu, kingo zimezibwa kwa nta, na hakuna mkwaruzo hata mmoja. Sahani ya hivyo ikimaliza saa 500 umejua kwamba kinga isiyoguswa inazuia maji, basi. Chemba yenyewe, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9227, inapuliza maji ya chumvi ya 5% kwenye joto la 35°C mfululizo, na kiwango hicho chenyewe kinatahadharisha kwamba ni nadra matokeo yake kulingana moja kwa moja na ulikaji wa mazingira mengine. Kwenye boti kasha linaloa, linakauka juani, chumvi inabaki, linaloa tena. Chemba haifanyi hivyo.

Halafu kuna tabia ya magnesiamu yenyewe. Volti yake ya kawaida ni -2.37, alumini -1.66, chuma -0.44; iliyo hasi zaidi ndiyo hulika zikigusana. Ukiifunga kwa boliti ya chuma cha pua na maji ya bahari yakafika hapo, umetengeneza betri, na kinachoisha ni kasha lako. Ndiyo maana kinga ya magnesiamu inahukumiwa pale ilipo dhaifu: kwenye kona, kwenye mkwaruzo na chini ya boliti.

Kwa hiyo mwambie fundi wako akupe sahani za aloi ile ile, zilizopita kwenye matangi yale yale siku moja na makasha yako. Baadhi uzikwaruze mpaka metali ionekane. Tumia ncha ngumu ya mkononi na usisogeze grainda, maana vumbi la magnesiamu linawaka, na likishawaka usimwagie maji kabisa. Weka mchanga mkavu karibu. Baada ya chemba unapima rangi imebambuka milimita ngapi kutoka kwenye mkwaruzo na malengelenge yamefika wapi. Sahani nyingine zitoboe kabla ya kupakwa, kisha uzifunge kwa boliti na washa (pete bapa za boliti) utakazotumia kweli. Ningekuwa wewe ningejaribu pia washa pana ya aloi ya alumini, 5052 au 6061, kati ya boliti na kasha, halafu nilinganishe. Ukifungua, usiangalie unga mweupe wa ulikaji ukaridhika au ukaogopa. Maabara wausafishe, wapime kina cha mashimo chini yake. Nimeona sahani zenye unga wa kutisha na mashimo madogo tu, na nyingine safi kwa macho lakini imeliwa kuzunguka tundu lote.

Jambo ambalo watu hawaulizi kabisa ni maandalizi kabla ya kinga. Tuliwahi kuletewa vipuri vilivyotoka vipele vidogo kila mahali, hata sehemu ambazo hazikuguswa na chochote. Kinga ilikuwa na unene sahihi na cheti kizuri. Ilikuja kujulikana kwamba vilipigwa kwa punje za chuma ili kusafishwa, na vumbi la chuma likabaki limejikita kwenye uso. Hanawalt na wenzake wa Dow, kampuni ya kemikali ya Marekani, walishaonyesha mwaka 1942 kwamba magnesiamu haivumilii chuma, nikeli wala shaba zaidi ya kiasi kidogo sana. Kwa AZ91D ya kusubu kwa mgandamizo, chuma kisizidi 0.005%, nikeli 0.002%, shaba 0.030%. Sasa ukiigandamizia chuma usoni kwa mkono wako, usafi wa aloi umeutupa. Wapige kwa oksidi ya alumini, kisha wachovye kwenye asidi kuondoa tabaka la juu. Dai hilo liandikwe kwenye oda.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe bila chemba, nami nakipenda kuliko vyote. Magnesiamu ikilika inatoa haidrojeni, takriban mililita 1 kwa kila miligramu 1 iliyoyeyuka. Chovya sahani kwenye maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, funika kwa faneli iliyopinduliwa na bureti (mrija wa kioo wenye alama za vipimo) juu yake, usome gesi kila siku. Huna bureti? Chombo cha kioo na lenzi vinatosha kukuonyesha mapovu yanatoka wapi. Ila maji yawe mengi, angalau mililita 20 kwa kila sentimita mraba ya uso wa sahani, na uyabadilishe. Yakiwa machache yanageuka kuwa na alkali, magnesiamu inatulia, na kinga mbovu inaonekana nzuri.

Unene pima kwa kifaa cha metali zisizo na sumaku. Kile cha sumaku pekee hakitasoma kitu. Unene usikudanganye lakini, hasa ukipewa PEO, ile anodaizi ya cheche, yaani tabaka la oksidi linalooteshwa usoni kwa umeme. Ni ngumu kweli, ila ina vinyweleo, na isipozibwa kwa praima au kizibio maji yanapita. Kupima rangi inavyoshika, kata miraba midogo kwenye rangi kwa kiwango cha ISO 2409, kisha ubandike utepe na kuubandua. Rudia kwa sahani iliyolala kwenye maji usiku kucha, maana kavu karibu kila rangi inafaulu.

Kuna mdau aliyekushauri udai kinga ya zamani ya kromati. Ilikuwa nzuri, sibishi, lakini kromiamu ya sita iliyomo ndani yake inasababisha saratani na Ulaya imeibana kwa sheria. Usimtume fundi wa mtaani achezee hiyo.

Fundi akikataa kukupa sahani za kundi lako, lipa nusu ya mzigo kwanza. Akikupa, anza na zile zenye boliti, kisha weka picha hapa tuzione zikiwa zimesafishwa.