Askari mwenzangu, chora tu

Juzi kijana mmoja mpya kazini kaniuliza kama ni sawa askari kuchora, anaogopa wenzake watamwona laini. Nikamwambia mi huu mwaka wa 11 nachora na kamera ninayo, na lindo sijawahi kukosa kwa ajili ya penseli.

Ila kuna pahala nilikosea. Nilianza na picha nikidhani ntaweza haraka, si kazini napiga kila siku? Kumbe picha ya eneo la tukio ina taratibu zake, unapiga ya mbali ionyeshe eneo lote, unasogea ya kati, halafu ya karibu na rula pembeni, hupendezeshi kitu. Na ile ya mtuhumiwa, uso mbele na ubavuni, ndo hivyohivyo tangu Alphonse Bertillon wa polisi wa Paris alipoiwekea utaratibu miaka ya 1880. Basi na mimi nikawa napiga wanangu hivyo, wima ukutani, flashi usoni, mama yao akaziangalia akasema mbona watoto kama wamekamatwa. Iliniuma sana.

Kilichonisaidia ni kuzima flashi. Pandisha ISO, yaani ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, hata 1600 au 3200, waache wacheze karibu na dirisha, we kaa chini subiri, picha ikiwa na chenga chenga wala usijali. Na ukitoka zamu ya usiku usikimbilie kitanda, jua linapochomoza mwanga unakuwa laini sana kama nusu saa hivi.

Kuchora ndo kwenyewe sasa, kwangu mimi. Penseli ya 2B, na ya 6B iliyo laini na nyeusi zaidi, daftari la kuingia mfukoni, basi. Kazi yetu inatufundisha kushuku kila tunachokiona, ila ukichora unakaa na kitu dakika 20 unakiangalia tu bila kukishuku, yaani kichwa kinapumzika. Baada ya ajali moja mbaya nilichora viatu vyangu kila usiku wiki nzima ndo usingizi ukarudi, japo na mshauri nasaha nilienda, usiache kwenda.

Cha kazini usikiguse kabisa. Simu yako isitoke mfukoni eneo la tukio, marehemu ana mama yake, halafu picha hiyo inaweza kukufikisha mbele ya hakimu. Picha ya sare usiposti bila ruhusa ya mkuu wako. Na zima lokesheni kwenye kamera ya simu, maana picha inabeba ndani yake pale ilipopigwa, na wapo uliowakamata ambao hawatakiwi kujua unapolala.

Yule kijana nimempa daftari langu ambalo halijaisha, kurasa za mwanzo ni viatu vitupu. Jana kanionyesha kikombe alichochora lindoni wakati wa mapumziko, kimepinda kidogo ila mkono wa kikombe kaupata vizuri kabisa.