Uliza Mzamiaji: Kwa nini tungoje maji yasimame?

SWALI: Nimemaliza kozi ya mwanzo ya uzamiaji na nimezama mara tisa, zote kwenye maji matulivu. Wenzangu wamenialika kwenda kuona meli ya chuma ya zamani. Imelala kwenye mchanga mita 20 chini, sitaha yake iko mita 15. Jedwali linasema maji yatajaa saa nne asubuhi, lakini nahodha anataka tuingie saa tano kasorobo. Je, amekosea? Na naweza kuingia ndani ya meli?

JIBU: Msikilize nahodha wako. Jedwali linakuambia maji yatafika juu kabisa saa ngapi. Halikuambii mkondo utasimama lini. Kina kikiwa kimeshafika juu mahali fulani, maji yanaweza kuwa bado yanakimbilia ghuba ambayo haijajaa, na njiani yanapita juu ya meli yenu. Tofauti hiyo hujulikana na mtu aliyepaangalia mahali hapo mara nyingi. Kama siku haijapangwa, ombeni iwe ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mkondo ni mkali na utulivu wake haudumu.

Mkishuka, angalia viumbe vilivyoota ubavuni mwa meli, vile laini kama manyoya. Vikisimama wima, maji yametulia. Vikianza kulala upande mmoja, rudi kwenye kamba ya kushukia, hata kama kipimo kinaonyesha hewa tele. Mimi niliwahi kuviona vimelala nikajipa dakika tano zaidi kwa sababu ya dirisha moja zuri la shaba. Kwenye kituo cha mita 5, pale mzamiaji anapotulia dakika tatu kwa usalama kabla ya kutoka majini, nilining'inia kwenye kamba kama bendera, mikono yote miwili imeshika, barakoa ikitetemeka usoni. Dakika tatu zile zilikuwa ndefu mno, na mwenzangu aliyekuwa chini yangu alikuwa anakaribia kuishiwa hewa. Hilo la mwenzangu bado linaniuma.

Kwenye mita 15 kila pumzi inatumia hewa mara mbili na nusu ya ile ya juu, na ukipambana na mkondo inakwisha upesi zaidi. Kozi nyingi za mwanzo zinaishia mita 18, kwa hiyo baki usawa wa sitaha.

Ndani usiingie, tafadhali. Chuma kile kimeliwa na chumvi miaka mingi. Mapovu yako tu yanatosha kuangusha kutu kutoka darini. Pezi likigusa tope la sakafuni, mlango ulioingilia hutauona tena, na juu yako kuna bati. Kuna kozi yake maalumu, isome kwanza. Nje kuna mengi ya kutazama: usukani, nanga, boila, samaki waliojibanza kivulini.

Beba mkasi wa kukatia nyavu zilizonasa, na boya la kujaza hewa. Ukiipoteza kamba, lirushe boya juu mapema, kabla hujaanza kupanda, ili nahodha akufuate mkondo unakokupeleka.