Usimfungie huyo mbwa jike kabla hujajua kama ameshazaa

Dada, nimesoma swali lako la jana. Mbwa koko jike kaingia uani, tumbo limejaa, chuchu zinaning'inia, watoto washaanza kumpa ubwabwa, baba mwenye nyumba anataka afukuzwe na we unauliza ufanyeje. Wadau wamekujibu mfungie store asije akazalia barabarani, na hapo ndo nikaona niandike, samahani itakua ndefu, kwa sababu hili limenikuta mara mbili na mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, nikamfungia.

Ilikua masika, nakaa Goba, Dar, kule juu ambako kila nyumba moja ina mapagale mawili pembeni. Alikuja jike la kahawia limelowa chapachapa, chuchu nene, nikamwambia mke wangu huyu ana mimba huyu, siku zake zimekaribia. Nikampa ugali na dagaa, akala kama moto, akataka kutoka, nikafunga geti. Nilijiona mtu mwema kweli. Nikamweka kwenye kibanda cha kuku cha zamani, nikamtandikia viroba, akalia usiku kucha, akakwangua mlango mpaka kucha zikatoka damu, sisi tunasema ni uchungu huo, anataka kuzaa. Usiku wa pili pia. Siku ya tatu asubuhi kijana anayelinda pagale la jirani akaja kuuliza, bro ule mbwa wa kahawia hujamuona, maana vitoto vyake kule ndani vimenyamaza.

Vilikua vitano. Tulikuta viwili vinapumua.

Kwaio dada swali la kwanza sio nitamzalishaje, swali la kwanza ni je, ana mimba au ameshazaa na vitoto viko sehemu vinamsubiri? Mtu asiyezoea anachanganya kirahisi. Aliyeshazaa chuchu zimerefuka, manyoya kuzunguka chuchu yamenyonyoka kwa kunyonywa, tumbo limelegea halafu mbavu zinaonekana, na tabia yake ni ya haraka, anakula mbio mbio anaondoka, kesho muda ule ule karudi. Mwenye mimba iliyokomaa tumbo ni gumu na limetanuka nyuma ya mbavu, hana haraka, akishashiba anatafuta kivuli analala. Maziwa yenyewe usiyategemee kama ushahidi, maana mwenye mimba siku za mwisho nae anaweza kutoa. Njia ya uhakika ni kumlisha, kuacha geti wazi, na kumfuata kwa mbali uone anaelekea wapi. Ukikuta vitoto, usivihamishe wewe peke yako bila yeye kuona, mwendee na chakula hapo hapo siku mbili tatu akuzoee ndo uvibebe kwenye beseni yeye akifuata nyuma.

Na kuna majike tumbo kubwa bila mimba yoyote. Minyoo inajaza tumbo, maji tumboni nayo hivyo hivyo, kuna usaha kwenye kizazi (huyo anakunywa maji sana, hali, wakati mwingine anatoa uchafu unaonuka, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari leo sio kesho), na kuna mimba ya uongo kabisa, jike analeta maziwa na kukumbatia viatu kama watoto wiki kadhaa baada ya joto (zile siku za kutaka dume) kuisha. Pia ukiona anadondosha damu sehemu za siri kila siku wiki na wiki, na kuna kinyama kama koliflawa, usidhani ni joto au mimba inaharibika, kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, mbwa wetu wa mtaani wanao sana, na unatibika vizuri kwa sindano za vincristine ambazo daktari wa mifugo anachoma mara moja kwa wiki.

Sasa kabla ya kumgusa. Kichaa cha mbwa kipo dada, tusidanganyane kwa huruma. Muangalie kwa mbali kwanza: udenda unaomwagika, taya limelegea, sauti imebadilika, anatembea kama hajui anakokwenda, anauma mawe na vijiti, anashindwa kumeza maji. Na usiamini tu kwamba mwenye kichaa lazima awe mkali, wengine wanakua wapole kupita kiasi au wamezubaa. Ukiona hivyo toa watoto uani, piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Akikuuma au hata akikuparuza, itoke damu isitoke, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ziwe 15 za saa kweli, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Hakuna kupaka mafuta ya taa, hakuna pilipili, hakuna kusema ngoja tuone mbwa atakuaje kwanza. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa tena.

Akiwa mzima, mzoeshe kwa chakula. Kaa chini ubavu ubavu, usimkodolee macho, rusha kipande, ondoka. Mimi wa pili ilinichukua siku sita. Watoto wambie wasimkumbatie.

Halafu ulizia mwenye mbwa. Mbwa wengi tunaowaita koko wana kwao, wanaachiwa tu wazurure. Nenda kwa mjumbe, muulize mangi wa duka na bodaboda wa kijiweni, hao wanajua mbwa wote wa mtaa kuliko hata wenye mbwa. Wakati unaulizia mfunge kitambaa au mkanda shingoni, kuna watu wanatega sumu na mbwa mwenye mkanda kidogo anaonekana ana mtu wa kuuliza. Jirani akitishia kumuwekea sumu mkumbushe kistaarabu kwamba kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa, wengi hawajui ipo.

Kwa daktari. Namaanisha daktari wa mifugo, sio kijana anayeuza dukani dawa za kuku. Ukiwa Morogoro una bahati, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama, Dar utapata wa kuja nyumbani ukimchangia nauli. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, siku mbili tatu huku au kule sio tatizo. Kwa kumpapasa daktari anaweza kujua mwezi wa kwanza unapoisha, ultrasaundi inaona kuanzia kama siku ya 25, na eksirei ni baada ya siku ya 45 mifupa ya vitoto ikishaonekana, ukingoja mpaka 55 na kuendelea unaweza hata kuvihesabu. Kuhesabu sio mapambo, usiku wa kuzaa ukijua ni saba na umeona sita unajua kazi haijaisha.

Muulize pia kama bado mapema anaweza kufungwa kizazi na mimba ikaondoka hapo hapo. Wapo watakaokusema, mi sikusemi, vitoto nane visivyo na pa kwenda navyo ni dhambi ya mtu. Ila mtu akikwambia mchome ile sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, KATAA. Nimeona jike la rafiki yangu lilichomwa hiyo tayari lina mimba, siku zikapita, uchungu hauji, vitoto vikafia ndani. Homoni ile ile inayoshikilia mimba ndo unamuongezea, atazaaje?

Dawa zingine pia usijitibie. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe usimmwagie jike mwenye mimba. Panadol usimpe kabisa. Dawa ya minyoo zipo zinazofaa kwa mwenye mimba na zipo zisizofaa, na ni muhimu apate, kwa sababu minyoo inapita kwa mama kwenda kwa vitoto vikiwa bado tumboni, ndo maana unaona kitoto cha wiki tatu tumbo kama mpira. Chanjo ya kichaa daktari ataamua lini, zile za virusi hai kwa kawaida zinasubiri azae.

Chakula sina mengi. Wiki tatu za mwisho mpe kidogo kidogo mara nyingi maana tumbo halina nafasi. Mi nilikua napika dona na dagaa waliooshwa chumvi, utumbo, mapupu, yai mara moja moja. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka kama sindano. Vidonge vya kalsiamu usimpe kabla hajazaa, unaona kama unamsaidia lakini mwili wake unasahau kuichota wenyewe kwenye mifupa, akianza kunyonyesha ndo anapata mtetemeko. Na ukiona mtetemeko huo, mama anayenyonyesha anahema, anatembea kama amekakamaa, misuli inacheza, ni kwa daktari saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku.

Huyo wangu wa pili tulimwita Mgeni. Huyu kweli alikua na mimba, nilimfuata nyuma siku nne mpaka bodaboda wakaanza kunicheka, haendi popote, analala chini ya mgomba wetu. Nikampigia kasha la mbao, kingo fupi mama avuke vitoto visivuke, chini magazeti na makhanga ya zamani, nikaliweka stoo na mlango wazi. Wiki ya mwisho nikawa nampima joto kwa kipimajoto cha kawaida cha dijitali, kinapakwa mafuta ya mgando na kinaingia huko huko nyuma, mke wangu akakiandika kalamu nyekundu CHA MBWA. Mbwa mzima anacheza kwenye 38 na kitu. Jioni moja kikasoma 37 kamili, na ikishuka hivyo jua ndani ya siku moja hivi anazaa. Akagoma kula, akachimba magazeti yote, saa tano usiku akaanza kusukuma.

Hapo kazi yako kubwa ni kukaa kimya. Taa hafifu, watoto wakalale, usijaze majirani. Anatoa kimoja, anachana kifuko, anakata kitovu, anakilamba, anakula kondo, ni kawaida usishtuke. Kati ya kimoja na kingine nusu saa, saa nzima, hata kupumzika zaidi. Vya kukutisha ni hivi: anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu, amepumzika zaidi ya masaa mawili na unajua wengine wamebaki, au uchafu wa kijani umetoka kabla ya kitoto cha kwanza. Namba ya daktari iwe na salio tayari. Sio utani, mi usiku ule nilikua nina salio la shilingi 40.

Cha nne kilitoka na kifuko chake na Mgeni alishachoka, akakiangalia tu. Nikahesabu moyoni nikaona huyu hafanyi kitu, nikachana kifuko kwa vidole puani, nikafuta mdomo, nikakisugua na taulo mgongoni kwa nguvu kuliko nilivyodhani mtu anaruhusiwa kusugua kitu kidogo vile, kichwa kimeinama chini kidogo maji yatoke. Hakuna. Hakuna. Halafu kikapiga kelele kama mlango usio na grisi. Tukakiita Mlango, sasa hivi yuko Bagamoyo analinda shamba la mananasi.

Wiki ya kwanza joto ndo kila kitu, vitoto haviwezi kujipasha, kilichopoa hata ukikinyonyesha hakisagi, kwaio pasha kwanza ndo ulishe. Chupa ya maji ya moto imefungwa khanga inatosha. Vinyonye ndani ya masaa machache, maziwa yale ya mwanzo ndo kinga. Pima uzito kila siku na mizani ya jikoni (mangi aliniambia ya kwake sio, namuelewa), kisichoongezeka siku mbili kina shida. Macho yanafunguka siku ya 10 mpaka 14. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi, ya mbwa yana mafuta na protini nyingi zaidi. Dawa ya minyoo wiki ya pili, ya nne, ya sita, ya nane.

Kuhusu baba mwenye nyumba anayetaka afukuzwe: jirani yangu mzee ni mtu wa msikiti, hamgusi mbwa, na mimi namheshimu, Mgeni alikaa upande wa nyuma na vyombo vyake mbali. Lakini ndiye aliyekua ananiletea vichwa vya samaki kila Ijumaa, anaviweka ukutani, anasema kumlisha mwenye njaa kuna thawabu. Kaongee na baba mwenye nyumba umwambie ni wiki ngapi, nane baada ya kuzaa, na sehemu gani atakaa, watu wengi wanachokataa ni kutojua mwisho wake lini.

Maana vitoto havitoki kabla ya wiki nane. Na jiandae, kila mtu atakuja anataka dume. Majike hawayataki eti yatazaa. Mimi majike matatu niliyatoa kwa ahadi kwamba nitachangia kuyafunga kizazi, na nilichangia, lilikua gundu kwa mfuko ila vinginevyo baada ya mwaka tungekua na uzi mwingine kama huu. Mgeni mwenyewe alifungwa maziwa yalipokauka, bado yuko chini ya mgomba.

Dada, leo jioni mpe chakula mapema, acha geti wazi, mfuate. Piga picha za chuchu kwa ubavuni uweke hapa tuone, na utuambie akishashiba ameelekea wapi.