Jani Gani kwa Ngozi Inayowasha? Majibu kwa Wasomaji wa Bukavu

Kiangazi kimeshika, vumbi limepanda hadi madirishani, na maswali yaliyonifikia karibu yote ni ya ngozi. Nimechagua manane. Anayenifahamu anajua kwamba majani nayapenda: bibi yangu wa Kabare aliniogesha maji ya mubirizi, jani chungu la kwetu, kabla sijajua kusoma, na nilipokuja kuwa muuguzi sikuyaacha. Kwa hiyo nisipokutajia jani, usidhani nimelidharau. Maradhi ya ngozi hufanana mno machoni, na dawa inayotuliza moja huliamsha jingine.

Watoto wangu wanne wanajikuna usiku kucha, hasa katikati ya vidole na kiunoni. Nimewaogesha mubirizi majuma mawili. Wanapata nafuu siku mbili, kisha inarudi. Nitafute jani lingine? (Mama wa Kadutu)

Mama, hapana. Ulichoeleza ni upele, ule ambao farmasi wanauita gale. Unaletwa na utitiri, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Jike huchimba njia ndani ya ngozi, hulala humo na kutaga mayai humo. Maji ya mubirizi yanapita juu ya paa lake. Yanapoza muwasho, ndiyo maana ya zile siku mbili za nafuu, lakini mwenye nyumba hajatoka.

Kinachokurudisha nyuma zaidi ni kwamba unawatibu wanne tu. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa majuma manne hadi sita bila kuwashwa, huku tayari anawapa wengine. Wewe, baba yao, shangazi anayelala sebuleni, wote wanatibiwa siku moja hata asiyejikuna. Dawa iliyozoeleka ni losheni ya benzili benzoati ya asilimia 25. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, pamoja na chini ya kucha na mikunjo yote. Kwa watoto hupunguzwa makali kwa maji safi, na kiasi mwulize muuguzi, maana kwa mtoto mdogo inaunguza. Permetrini ya asilimia 5 ni laini zaidi kama unaipata. Hurudiwa baada ya siku saba. Kuna pia vidonge vya ivermektini, lakini havipewi mjamzito wala mtoto asiyefika kilo 15, na mtu aliyeishi kwenye misitu yenye mdudu wa jicho, Loa loa, lazima amwambie dokta kwanza.

Siku hiyohiyo fua mashuka na nguo kwa maji ya moto, anika juani. Najua maji ya bidoni yanavyohesabiwa Kadutu. Blanketi usiloweza kufua lifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa saa 72; utitiri hauishi muda mrefu bila mwili wa mtu. Na muwasho ukiendelea majuma mawili au matatu baada ya dawa, usianze kupaka upya kila siku. Ngozi bado inagombana na mabaki. Hapo ndipo mubirizi wako, uliopoa vizuri, unaporudi na kazi yake halali.

Mtoto wangu wa miezi kumi ana ukurutu mashavuni na kwenye viwiko. Mama mkwe anampaka mawese, jirani anasema mafuta ya zeituni. Nimsikilize nani? (Dada wa Nguba)

Dada yangu, swali lako ndilo lililonipendeza kuliko yote, kwa sababu ukurutu ni ugonjwa unaotaka kutazamwa na nyumba nzima inayomzunguka mtoto.

Ngozi ya mtoto wako ni kama bati lililotoboka misumari: unyevu unatoka, vumbi na sabuni vinaingia. Kazi ya mafuta ni kuziba. Mafuta ya zeituni yana sifa kubwa, lakini watafiti wa Uingereza waliyajaribu kwenye mikono ya watu wazima kwa majuma kadhaa, wakachapisha mwaka 2013: yalidhoofisha ukuta wa ngozi, wakati yale ya alizeti hayakuudhuru. Tofauti iko kwenye asidi za mafuta. Zeituni imejaa oleiki, inayolegeza. Alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, ambayo ngozi inaitumia kujijenga. Hospitalini Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa; hiyo ilichapwa 2005. Mawese ni chakula bora, na mama mkwe ana haki ya kuyapenda, ila yamwage kwenye sombe, majani ya muhogo. Linoleiki yake ni ndogo. Mwambie kwa upole, na umwachie yeye kazi ya kupaka alizeti. Vaselini isiyo na manukato nayo inaziba vizuri na bei yake ni ndogo.

Mwogeshe mara moja kwa siku, dakika tano hadi kumi, maji ya uvuguvugu. Sabuni ya kufulia isimguse. Ukimtoa, mguse kwa taulo bila kusugua, mpake mafuta ngozi ingali na unyevu. Akiwashwa sana, saga shayiri ile ya uji, Quaker, iwe unga laini, ifunge kwenye kitambaa safi na uikamue ndani ya beseni hadi maji yawe kama maziwa. Si hadithi za mitaani hizi: mamlaka ya dawa ya Marekani iliitambua shayiri iliyosagwa kuwa kinga ya ngozi mwaka 2003.

Usiku wa Bukavu ni baridi, na watoto wanavalishwa sufu. Sufu inachoma ngozi kama hiyo, kwa hiyo pamba itangulie ndani. Moshi wa makala, yaani makaa, uwe mbali na anapolala. Usimkatie mayai wala sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa kukisia tu; mtoto aliyenyimwa chakula bila sababu anapata utapiamlo juu ya ukurutu. Na siku mashavu yanapokuwa mekundu na kuvimba, krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, kidogo, kwa siku chache alizosema muuguzi, haivunji njia ya asili. Yakianza kutoa maji ya njano na magamba ya rangi ya asali, bakteria wameingia: mpeleke kituo cha afya.

Kitunguu saumu kinaponya mapunye ya kichwa? (Baba wa Bagira)

Baba, nilikiweka mimi mwenyewe kichwani kwa mwanangu wa kwanza. Nilikiponda kibichi, nikafunga kitambaa, tukalala. Asubuhi alikuwa na malengelenge ya kuungua, na mapunye yalikuwapo vilevile. Bado ninaiona sura yake. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi kama tindikali, hasa kikifunikwa.

Kuvu wa mapunye wamo ndani ya unywele wenyewe, chini kwenye shina lake, ambako hakuna pomadi wala jani linalofika. Ndiyo maana dawa ni ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini, isiyopungua majuma sita, pamoja na mlo wenye mafuta kidogo ili mwili uipokee. Kitana na kofia vya mtoto visitumike na wenzake, na kinyozi achemshe au asafishe mashine.

Choa cha mwilini, ile duara yenye ukingo ulioinuka, ni jambo jingine. Hapo majani ya dartrier, mmea wa maua ya njano yaliyosimama kama mishumaa, yana heshima yake: yana kemikali ziitwazo antrakinoni zinazozuia kuvu, na jina lake la Kifaransa lenyewe linatokana na dartre, yaani ugonjwa wa ngozi. Kaa nayo majuma mawili. Choa kisiporudi nyuma, nunua krimu ya klotrimazoli, na uendelee kuipaka wiki moja hadi mbili baada ya alama kupotea.

Mimi ni mwanafunzi, nina chunusi na madoa meusi. Napaka limau usiku na mchana. Rafiki ameniletea krimu ya kung'arisha. (Binti wa Ibanda)

Binti yangu, limau liache leo. Ndani ya maji yake na ganda lake kuna kemikali zinazoamshwa na jua: ukitoka nje ngozi inaungua, na pale palipoungua panabaki peusi kwa miezi. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, jua letu ni kali hata siku ya baridi. Yawezekana nusu ya madoa yako umeyapanda kwa mkono wako.

Hiyo krimu ndiyo inayonitia hofu. Nyingi za kujichubua zina klobetasoli, dawa kali sana ya hospitali, bila kuiandika. Mwezi wa kwanza uso unapendeza. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, chunusi zinalipuka, mistari inatokea, na hata kidonda cha upasuaji kinakataa kushika. Haidrokwinoni, dawa nyingine ya kung'arisha, ikitumiwa miaka huacha weusi wa bluu usioondoka. Zebaki inaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unakataza vipodozi vyenye zebaki, na bado vinauzwa kwenye meza za soko. Usipake. Kama ulishaanza zamani, usikate ghafla peke yako, mwone dokta.

Fanya hivi: osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, pomadi ya nywele isishuke kwenye paji la uso, mkono usiminye. Jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, tabaka jepesi usiku, na uivumilie majuma manane. Kuhusu chakula, kule Melbourne, Australia, vijana waliopunguza vyakula vya wanga mwepesi kwa majuma 12 walionekana kupungukiwa chunusi kuliko wenzao, ilichapwa 2007. Kwetu maana yake ni soda (sukre) na mandazi vipungue, maharage na sombe viongezeke.

Alovera ya bustanini inaniwasha badala ya kunipoza. Kwa nini?

Umepaka utomvu wa njano. Kata jani, lisimamishe likiwa limeinama kwa dakika kumi au kumi na tano hadi utomvu utoke wote, menya, osha ule ute mweupe, ndio upake. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku moja. Usiiweke kwenye jeraha lenye kina.

Majipu yananirudia kila mwezi. Wazee wanasema ni damu chafu, ninywe dawa ya kuharisha ili isafishwe. (Baba wa Panzi)

Damu inasafishwa na ini na figo, usiku na mchana. Dawa ya kuharisha inakutoa maji na chumvi, na baadhi ya mitishamba mikali inaziumiza figo hizohizo unazozitegemea. Lakini wazee hawakukosea kabisa: majipu yanayorudi yanaweza kuwa habari kutoka ndani. Nenda ukapime sukari asubuhi kabla ya kula. Ikiwa miligramu 126 kwa desilita au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, una kisukari, na hakuna jani la juu litakalokuponya majipu hadi sukari ishuke. Wakati huo kanda jipu kwa kitambaa safi cha maji ya moto, dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku. La puani au mdomo wa juu usilibinye kamwe.

Mdogo wangu amerudi kutoka machimboni ana homa na vipele hadi viganjani. Mama anataka kumsugua majani.

Mzuie mama sasa hivi. Homa, tezi zilizovimba shingoni au kinenani, na vipele vya viganjani, nyayoni au sehemu za siri: lazima tufikirie mpox, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani. Ugonjwa huu ni wa kwetu tangu mtoto wa Basankusu alipogunduliwa nao mwaka 1970, na ni Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, Septemba 2023, ambapo sura yake mpya ilianza kuonekana, hadi OMS, Shirika la Afya Duniani, ikatangaza dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024. Mkono unaosugua jani juu ya kipele ndio mkono unaobeba virusi kwenda kwa jirani. Mpe chumba chake, sahani yake na shuka lake, anywe maji mengi, na mwite mhudumu wa afya wa mtaa. Vipele asivipasue.

Nina baka jeupe mgongoni, mwaka wa pili sasa. Haliwashi wala haliumi. Nimepaka kila kitu. (Baba wa Walungu)

Baba, hilo la kutouma ndilo lililonifanya nikujibu mwisho, kwa utulivu. Kama lingekuwa baka la kuvu linalobanduka unga ukilikwaruza, tungekuwa na sabuni ya salfa na krimu, na mafuta ungeacha kupaka kwa sababu kuvu hao wanakula mafuta. Ila nataka jioni hii ufumbe macho, mke wako akuguse kwa ncha ya unyoya wa kuku, mara juu ya baka, mara pembeni, bila kukuambia. Usipouhisi juu ya baka, kesho nenda kituo cha afya useme wakupime ukoma.

Usishtuke kwa jina. Kongo bado ina wagonjwa wapya kila mwaka, na unaweza kuwa uliupata miaka mitano iliyopita au zaidi. Unatibika. Dawa zake tatu, rifampisini, dapsoni na klofazimini, zinatolewa bure duniani kote tangu 1995, kwa miezi sita au 12. Mkojo utakuwa mwekundu, ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Usiache dawa kwa ajili hiyo. Siku chache tu baada ya kuanza, huambukizi tena. Kwa hiyo mke wako asikutengee sahani wala kitanda, na watoto wakukalie mapajani kama kawaida. Waende nawe tu wakakaguliwe ngozi.